Ziwa la Bi Zaina

1

Sampuli ya Hidaya ilipoletwa maabara, nilikuwa nimebakiza miezi minne nistaafu. Pale Lushoto hapakuwa na mfanyakazi mzee kuliko mimi, na wenzangu walikuwa wakiniachia kazi zisizo na haraka: kupanga vipande vya zamani vya nyama za wagonjwa, vilivyohifadhiwa ndani ya nta, kuhakiki majibu, kutia saini. Sampuli hii niliiomba mwenyewe. Hidaya Kaoneka ni mdogo wangu. Hatukuzaliwa tumbo moja, ila tulinyonya ziwa moja, la mama yangu, Bi Zaina, na kwetu Kwezindo hilo lilitosha. Hakuna aliyewahi kuuliza zaidi.

Uvimbe wake ulikuwa mdogo kama punje ya njegere, na madaktari walikuwa wamekwisha kuutoa pamoja na titi. Lilibaki swali moja, ambalo mwaka ule wa 2091 liliulizwa juu ya kila mwanamke wa milimani aliyepatikana na saratani ya matiti: ni ile ya virusi, au si ile?

Saratani nyingi za matiti hazina habari na virusi. Lakini kwetu, karibu moja katika kila tisa ilikuwa na virusi ndani yake, na tuliviita virusi vya dari, kwa kuwa vilianzia kwa panya waliokaa kwenye mahindi, darini juu ya meko. Si virusi vinavyokuja na homa vikaondoka. Vinaingia ndani ya seli, vinajiandika katikati ya maandishi ya mwili wenyewe, kisha vinalala. Wengi walio navyo huishi navyo mpaka wanazeeka bila kuugua. Kwa wachache, baada ya miaka thelathini au hamsini, yale maandishi ya kuchomekwa yanakuwa yamekaa vibaya, jirani na amri inayoiambia seli ijigawe, na amri hiyo haizimiki tena.

Niliiweka sampuli kwenye Nasaba. Hilo ndilo jina tulilokuwa tumeipa mashine ile. Kazi yake ilikuwa kusoma maandishi ya virusi na kuyalinganisha na vipande vyote vilivyohifadhiwa ghalani kwetu. Virusi vikitoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, herufi moja au mbili hukosewa. Wanafunzi wakinakiliana daftari, mwalimu anayajua makosa, na kwa makosa hayo anamjua nani amemnakili nani. Nasaba ilifanya hivyo hivyo.

Baada ya dakika arobaini kioo kikaonyesha jina la Hidaya. Juu ya jina kulikuwa na mstari mmoja mfupi, na juu ya mstari kisanduku cha kijivu: *Kipande 2056/0417. Kimefungwa na jamaa.*

Sikuhitaji kwenda ghalani kukitazama. Namba ile naijua kama ninavyoijua namba ya nyumba.

Dokta Eliamini Mbwambo, mkuu wa kitengo cha ufuatiliaji, alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai. Ni mwanamke wa Kipare, mpole, asiyependa kuzunguka maneno.

"Dokta Mwanaidi," akasema, "saini hii ya kufunga ni yako."

"Ni yangu."

"Ni nani?"

"Mama yangu."

Akavuta kiti akakaa. Akanieleza mambo niliyokuwa nayajua, kwa sababu sheria ilimtaka ayaeleze. Hakuna wa kunilazimisha kufungua. Nasaba ilikuwa na alama fupi tu ya kile kipande, kama alama ya kidole. Ilitosha kuoanisha, haikutosha kutengeneza dawa. Sindano ya kufuta, ile inayoyakata maandishi ya virusi kabla hayajaleta uvimbe, hushonwa kwa kipimo cha ukoo wa virusi wenyewe, na kipimo huchukuliwa kwenye nakala ya zamani kuliko zote. Nakala hiyo ilikuwa ndani ya nta, kwenye nyama ya mama yangu.

"Na nikifungua," nikasema, "jina lake linatoka."

"Ndani ya siku tatu. Kila aliyemo kwenye mnyororo wa maambukizi atapata ujumbe: chanzo, jina, mwaka." Akakizungusha kikombe. "Hidaya ana binti?"

"Somoe."

"Ananyonyesha?"

"Mtoto ana miezi mitatu."

Alinishika bega, akaondoka na chai yake ambayo hakuwa ameinywa.

2

Mwaka 2031 mvua ilinyesha siku arobaini na moja bila kupumzika. Nilikuwa na miaka saba. Barabara ya kuteremkia Soni ilikatika mahali patatu, na mashamba ya upande wa chini yakaanza kuteleza na mahindi yake. Watu wakavuna kabla ya wakati. Baba na mama wakayapandisha mahindi mabichi darini jikoni, moshi uyakaushe, na panya nao wakapanda, maana huko nje kulikuwa maji matupu. Nikilala nilikuwa nawasikia wakikimbia juu. Baba alitaka kuweka sumu. Mama akakataa, kwa kuwa mdogo wangu Abuu alikuwa na miezi minane, anatambaa, na chochote akikutacho anakitia mdomoni. Basi tukakaa na panya. Kila asubuhi mama alipepeta unga, akautoa uchafu wao, akasonga ugali.

Siku moja mchana, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, alikuja mtu akasimama nje bila kubisha. Alikuwa kijana wa vilima viwili mbele yetu, Kaoneka, na mkononi alikuwa na kanga iliyofunikwa mfuko wa nailoni. Mkewe alikuwa amefariki siku nne nyuma akijifungua, gari la hospitali limekwama ng'ambo ya maporomoko. Maziwa ya kopo yalikuwa yameisha madukani. Alikuwa amempa mtoto maji ya sukari kwa pamba, kisha akaanza kuzunguka kwenye nyumba za wanaonyonyesha. Yetu ilikuwa ya nne. Kote alikopita aliambiwa maziwa hayatoshi, na pengine kweli hayakutosha. Njaa ilikuwa imeanza.

Hakutuambia hayo siku ile. Alisimama tu, maji yakimchuruzika.

Mama hakumuuliza kitu. Alimpokea yule mtoto, akakaa kwenye kigoda, akamtoa Abuu aliyekuwa ananyonya, akamweka mgeni. Abuu alilia kwa hasira. Mtoto wa Kaoneka hakuwa na nguvu hata ya kushika. Mama akakamua matone mdomoni mwake, akangoja, akakamua tena. Nilitumwa maji ya moto, nikarudi, nikasimama karibu. Ghafla nikamsikia akimeza. Ilikuwa sauti ndogo sana, na mpaka leo, miaka sitini imepita, nikikaa mahali pa kimya naweza kuisikia.

Ziwa la kushoto likawa la Abuu, la kulia la Hidaya. Kwa mwaka mzima hawakubadilishana.

Habari zikaenea. Wanawake waliochuma chai walikuwa wakiondoka alfajiri na kurudi jioni, na watoto wao wachanga walishindia uji mwepesi. Mmoja akaja kumwomba mama, mama akakubali. Akaja wa pili. Maziwa yake hayakukatika miaka sita. Nikihesabu na Abuu na Hidaya, watoto waliokalia mapaja yale walikuwa kumi na mmoja. Kwetu daima kulikuwa na nguo ndogo zimeanikwa, na harufu ya maziwa na moshi, na mtoto fulani analala mgongoni kwangu wakati nasoma. Nikiambiwa nichague siku za kurudia katika maisha yangu, sitatafuta mbali.

Kwezindo walipojenga zahanati mpya, waliandika jina lake juu ya mlango wa wodi ya wazazi: *Wodi ya Bi Zaina*. Alikuwa bado hai. Alikwenda kuitazama, akasema herufi zimekaa upande.

Alipougua alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alificha uvimbe mpaka ukawa hauwezi kufichika. Wakati huo nilikuwa daktari mpya, na ni mimi niliyemshika mkono walipochukua kipande. Aliniambia, "Mwanaidi, nikishazikwa nisifukuliwe. Hata kipande." Alifariki mwaka 2056. Nikaenda ghalani, nikatia saini, kikafungwa.

Siku zile hatukujua lolote juu ya virusi vya dari. Tulipokuja kujua, nilijipima mimi kwanza. Sikuwa navyo. Nilizaliwa miaka saba kabla ya mvua, nikaachishwa ziwa likiwa safi. Nilijiambia basi na mama hakuwa navyo, saratani yake ilikuwa ya aina nyingine. Nilijiambia hivyo kwa miaka mingi, huku ufunguo wa kujua uko mkononi mwangu.

3

Wiki mbili zilipita. Kilichonizuia hakikuwa jina la mama peke yake. Miaka minane nyuma, tulipotangaza mnyororo wa kwanza, katika bonde la jirani, mimi nilikuwa mmoja wa walioandika taarifa. Tuliiandika vizuri, kila neno la kweli. Wanawake wa bonde lile waliposoma kwamba virusi hupita kwa maziwa, waliwaachisha watoto siku ile ile. Wakanunua chupa, na maji ya mto yalikuwa yale yale. Mvua za vuli zilipokwisha, watoto kumi na tisa walikuwa wamezikwa, wote kwa kuhara. Virusi vingeua wawili au watatu, na hao baada ya miaka arobaini. Watu wanauita mwaka ule mwaka wa chupa. Wengi hawajui kwamba mimi nilikuwamo.

Jumamosi ya wiki ya pili nikapanda Kwezindo kwa Hidaya. Alikuwa ameketi barazani kwenye jua, sinia la njegere mapajani, mkono wa kulia bado mzito kwa sababu ya upasuaji. Amefundisha hesabu miaka thelathini na mitatu, na hata akiwa anamenya njegere utamwona midomo inahesabu. Ndani, Somoe alikuwa akimbembeleza mtoto. Walimpa mtoto jina la mama: Zaina.

Nikakaa, nikachukua sehemu yangu ya njegere.

"Dada, majibu yangu yametoka?"

"Bado. Mashine inasumbua."

"Mashine gani inasumbua wiki mbili?"

"Imezeeka, kama sisi."

Akatabasamu, akaendelea kumenya. Tukaongea mambo ya zamani. Alinikumbusha jinsi mama alivyokuwa akitupanga kwa urefu siku ya kuoga, maji ya beseni moja, wa mwisho anaoga tope. Tulicheka. Kisha akalisogeza sinia pembeni.

"Sasa nikupe hesabu," akasema. "Virusi vya dari vinapita kwa maziwa. Mama aliyenizaa alifariki kabla sijamnyonya. Siku nne nikanywa maji ya sukari. Siku ya nne hiyo hiyo nikaletwa kwenu. Niambie, kuna ziwa jingine?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, si kwa hilo.

"Hakuna," nikasema.

"Nilijua tangu waliponiambia ni uvimbe. Nikaapa sitakuuliza. Leo nimekuuliza, nikaona unavyoteseka kusema uongo. Hukuwahi kuuweza, tangu utoto." Akaushika mkono wangu. "Usifungue, dada. Muache mama alale. Mimi nimekwisha kuugua, nimekwisha kukatwa. Ukifungua hunisaidii kitu."

"Si wewe, Hidaya."

"Nani basi?"

Nikamweleza habari ya dawa, kwamba haiwezi kushonwa bila kipande cha mama. Nikamwambia waliobaki hai katika wale kumi na mmoja ni wanane. Nikageuza macho kuelekea mlangoni. Somoe alikuwa ananyonyesha sasa. Tulisikia kiti chake kikilia kidogo kidogo.

Hidaya alipoelewa, uso wake ulibadilika. Nilimwona akizeeka mbele yangu.

"Nilimnyonyesha Somoe miaka miwili," akasema.

"Ndiyo."

"Na yeye sasa anampa huyu."

"Tunaweza kumpima leo. Lakini nadhani ndiyo."

"Ukimdunga sindano, aache kunyonyesha?"

"Siku saba tu. Maziwa yanasafika, anaendelea. Hiyo ndiyo tofauti na miaka ile. Miaka ile hatukuwa na cha kuwapa isipokuwa habari."

Akaanza tena kumenya njegere kwa mkono mmoja, taratibu. Nikamngojea. Nilikuwa nimemngojea hivyo alipokuwa msichana anafanya hesabu ngumu kwenye meza ya jikoni, nami nimekatazwa kumsaidia.

"Huo ujumbe," akasema hatimaye, "unasemaje?"

"Chanzo, jina, mwaka."

"Hausemi kwamba siku ya tano nisingeifika?"

"Hausemi."

"Hausemi kwamba nyumba tatu zilikataa."

"Hapana."

"Basi tusiiachie mashine. Tuna siku tatu kabla haijatuma, si ndiyo? Twende wenyewe, nyumba kwa nyumba. Wewe ukienda peke yako wataona binti amekuja kumwombea mama yake radhi. Tukiwa wawili wataniona na mimi, nimekatwa titi, na bado namwita mama." Akaniangalia. "Alisema asifukuliwe, najua. Nami nilikuwepo. Ila kumbuka alivyokuwa. Mtoto akilia yeye hakuwa anauliza kwanza ni wa nani."

Ndani, Somoe akaita, "Mama mkubwa, utakunywa chai?"

"Nitakunywa," nikajibu. "Njoo kwanza ukae hapa nasi, mwanangu. Njoo naye mtoto."

4

Jumatatu asubuhi nilitia saini ya kufungua. Eliamini alikuwepo kama shahidi. Kipande chenyewe kilikuwa kidogo kuliko nilivyokuwa nikikikumbuka, cha rangi ya nta ya mshumaa, na katikati doa la kahawia. Nilikishika kidogo kabla sijamkabidhi. Nasaba ilikisoma, na juu ya jina la mama haikuonyesha mtu mwingine, ila alama ya mnyama. Mwaka uliokadiriwa ulikuwa 2031. Tunaamini ni panya wa mwaka wa mvua, au unga aliokuwa akiupepeta.

Siku hiyo hiyo mimi na Hidaya tukaanza kuzunguka. Abuu, aliyeko Mwanza, nilimpigia simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama mimi mwenyewe nimelala vizuri. Zilibaki nyumba sita.

Kila mmoja aliipokea kivyake. Mama mmoja wa Kwezindo alicheka, akasema Bi Zaina aliwahi kumpiga kofi alipomuuma, na sasa amelipiza. Mwingine alilia, si kwa kuogopa, bali kwa sababu alikuwa hajui kama aliwahi kunyonyeshwa na mtu asiye mama yake, hakuna aliyemwambia. Wa tatu aliuliza sindano inauma kiasi gani, na hakutaka kujua zaidi. Hidaya alikuwa akisema mengi kuliko mimi. Alianza kila mahali na siku nne za maji ya sukari, kisha ndipo akafika kwenye virusi.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Nasoro Shebila, mkulima wa kabichi, mtu mrefu aliyepinda mgongo. Yeye na mdogo wake Mwajabu walilelewa kwetu mchana, mama yao akiwa kwenye shamba la chai. Mwajabu alifariki miaka kumi na saba iliyopita, akiwa na miaka thelathini na tisa, kwa saratani ya titi. Alifia nyumbani, hakupimwa kitu.

Nasoro alitusikiliza akiwa amesimama mlangoni. Hakutukaribisha kuketi.

"Kila Ijumaa," akasema, "nikimaliza kumwombea mama yangu, namwombea na mama yako. Tangu nikiwa kijana."

"Najua," nikasema.

"Kwa hiyo ni yeye."

"Hakujua, Nasoro," Hidaya akasema. "Hakuna aliyejua siku zile."

"Sikusema alijua. Nimesema ni yeye." Akanigeukia. "Na wewe, daktari, unavyo?"

"Sina. Nilizaliwa kabla ya mvua."

"Wewe binti yake wa kumzaa huna. Mwajabu alikuwa navyo."

Nilisema dawa itakuwa zahanati baada ya siku tisa, na kwamba yeye pia inamhusu, mwanamume naye huweza kuugua. Alitikisa kichwa kuonyesha kwamba amesikia, akafunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

Tuliteremka na Hidaya. Kwenye kona ya msikiti alikaa juu ya jiwe kupumzika, mkono ukimuuma, na akasema, "Ana haki." Nami nikasema ndiyo, anayo.

5

Dawa ilikuja siku ya tisa, katika kisanduku cha barafu. Somoe, ambaye kipimo chake kilikuwa kimeonyesha virusi, alidungwa wa kwanza, na mtoto akafuata kwa dozi ndogo. Siku saba alikamua maziwa na kuyamwaga, na Zaina mdogo alikunywa maziwa ya kopo kwa kikombe, maji yamechemshwa mbele ya macho yangu. Somoe alilia kila alipoyamwaga. Niliwaona wanawake wengine wa kijiji wakipita karibu na uzio, wakitazama, wakinong'ona. Katika duka la njia panda chupa ziliisha. Nilipoambiwa hivyo sikuweza kula.

Siku ya nane nikampima. Maziwa yalikuwa safi. Nikataka kuitisha mkutano, niwaeleze watu kwa picha na takwimu. Somoe akanikatalia. Alimchukua mtoto akaenda kuketi kwenye benchi la nje ya zahanati, siku ya kliniki, wanawake wote wako foleni, akafungua kanga akamnyonyesha. Hakusema lolote. Mtoto alikuwa ameanza kulisahau ziwa. Aligeuza kichwa, akagoma, akalia. Wote walikuwa wanatazama. Hidaya akainuka kumwendea, nikamshika nguo. Somoe akakamua matone kwenye midomo ya mtoto, akangoja, akakamua tena, na mtoto akashika.

Mwanamke mmoja kwenye foleni akauliza, "Na mimi naweza kupimwa?" Nikamwambia anaweza. Siku ile niliwapima kumi na wanne. Watatu hata hivyo walihamia kwenye chupa, na nyumba zao tatu nimezitembelea kila siku mpaka leo, nikichemsha maji pamoja nao. Sijastaafu. Kamati ya zahanati imekutana mara mbili kuhusu lile jina la juu ya mlango. Wapo wanaotaka litolewe, wapo wasiotaka, na mimi niliombwa nisihudhurie.

Siku ya mwisho ya sindano, tukiwa tunakaribia kufunga, Nasoro Shebila aliingia. Alikaa kwenye kiti, akakunja mkono wa shati, akatazama ukutani. Nilimdunga mwenyewe. Hakukunja uso. Nilipomaliza nikamwambia abaki dakika kumi na tano, tuone kama dawa imekubali, akabaki. Nesi alikuwa anapanga makabati. Mimi nikajifanya naandika.

"Unamkumbuka Mwajabu alipokuwa mdogo?" akauliza.

Nikaweka kalamu.

"Namkumbuka."

"Mimi sina kitu. Nilikuwa na miaka miwili. Mama alikuwa akirudi amechoka, hakuwa na hadithi. Namkumbuka akiwa shule, akiwa mke wa mtu, akiwa anaumwa. Udogo wake sina."

"Alikuwa akiletwa ndani ya kikapu cha kuchumia chai," nikasema. "Mama yenu alikuwa akitandika kitenge juu ya majani. Nikimtoa, kichwa chake kilikuwa kinanukia chai mbichi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, na kumpokea ilikuwa kazi yangu. Akinyonya lazima ashike sikio la mama. Mama alivua hereni kwa ajili yake, hakuzivaa tena mwaka mzima."

Nasoro alikuwa amefumba macho.

"Akishashiba anaimba," nikasema. "Si maneno, mlio tu, kama nyuki. Wewe ulikuwa ukija kulala karibu naye umsikie. Neno lake la kwanza lilikuwa 'toka', alimwambia mbuzi wa jirani aliyekuwa anakula kanga. Yule mbuzi akatoka kweli, na Mwajabu akashangaa sana, akaanza kumwambia kila mtu toka, mpaka baba yangu."

Alicheka, kicheko kifupi cha puani. Dakika kumi na tano zilikuwa zimepita. Nesi alikuja na funguo, akatutazama, akarudi.

"Endelea," Nasoro akasema, mkono wa shati bado umekunjwa.